Maswali ya Wasomaji: “Tulimkosea Mungu nini?”

SWALI

Mhariri, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Igombe hapa Mwanza, na kazi yangu ni kuanika na kuuza dagaa. Mume wangu alikuwa mvuvi. Hakuwa mlevi, hakumdhulumu mtu, na Jumapili tulikwenda kanisani pamoja hata pale alipokuwa amekesha ziwani usiku kucha. Mwaka jana, katika usiku mmoja wa giza, upepo uliwakuta wakiwa mbali na nchi kavu, mtumbwi ukapinduka. Wenzake wawili waliokolewa na mtumbwi mwingine ulioona karabai zao zikizimika. Yeye tulimpata siku ya tatu. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimekwisha kufagia chanja, yaani kichanja cha kuanikia dagaa, na kuondoa mabaki ya jana, nikisubiri waingie mwaloni ili nianze kuanika kabla jua halijapanda.

Tangu hapo nimeambiwa mengi. Mtumishi mmoja alisema katika nyumba yetu kuna laana ambayo haijavunjwa, akanitaka nitoe sadaka maalumu ya ukombozi. Nilitoa, kwa fedha niliyokopa kwenye kikoba. Wengine kanisani huniuliza kwa upole kama hakuna dhambi tuliyoificha. Ndugu wa mume wangu nao wanasema mama mkwe wangu, ambaye ni mzee na anaishi kwangu, ndiye aliyemla mwanawe kwa uchawi, na wanataka twende kwa mganga apige ramli ili ukweli ujulikane. Mimi mganga simtaki, lakini usingizi sipati. Nikijaribu kuomba, kinachonitoka ni malalamiko matupu, na ninaogopa kwamba namkufuru Mungu. Nijibu kwa Biblia: tulimkosea Mungu nini? Na baada ya haya mtu anaendeleaje kumwamini?

Mama wa watoto watatu, Igombe

JIBU

Pole sana, mama, kwa msiba wako na kwa maneno uliyorundikiwa juu yake.

Swali lako la kwanza nitalijibu bila kuzunguka. Katika yote uliyoyaandika sioni kosa lolote ambalo Biblia ingeniruhusu kulitaja kuwa sababu ya kifo cha mumeo, na mtu yeyote anayedai kulijua kosa hilo amesema jambo ambalo Mungu hakumtuma kulisema. Sijibu hivi ili kukutuliza tu. Kipo kitabu kizima katika Biblia, Kitabu cha Ayubu chenye sura 42, ambacho kinalishughulikia swali hili, na hukumu yake mwishoni iko wazi kuliko tunavyozoea kuhubiriwa.

Watoto wa Ayubu, wana 7 na binti 3, waliuawa na upepo. Sura ya kwanza inasema upepo mkubwa ulitoka pande za jangwani, ukaipiga nyumba waliyokuwamo, ikawaangukia. Sisi tunaosoma tumekwisha kuambiwa tangu mstari wa kwanza kwamba baba yao alikuwa mtu mkamilifu na mwelekevu, na katika sura ya 2 Mungu mwenyewe anasema kwamba maangamizi hayo yamempata “pasipokuwa na sababu”. Basi ikiwa Mungu amelisema hilo kwa kinywa chake kuhusu mtu mmoja, hakuna mhubiri aliye na haki ya kufundisha kwamba nyuma ya kila jeneza kuna dhambi iliyofichwa.

Rafiki zake watatu, Elifazi, Bildadi na Sofari, walifundisha hivyo hivyo. Inafaa kuwatazama kwa makini, kwa sababu nadhani umekutana nao. Elifazi alianza kwa heshima, akimwuliza Ayubu ni nani aliyewahi kuangamia akiwa hana kosa. Hilo ndilo swali la upole unaloulizwa kanisani. Bildadi akaenda mbele zaidi, akamwambia baba ambaye ametoka kuwazika watoto 10 kwamba huenda watoto hao walikufa kwa makosa yao wenyewe. Na Ayubu alipoendelea kukataa, Elifazi alifanya jambo baya zaidi: katika sura ya 22 alimtungia dhambi. Alidai kwamba Ayubu aliwanyima maji waliochoka na kuwafukuza wajane mikono mitupu, mambo ambayo hayamo popote katika kitabu isipokuwa kinywani mwa Elifazi. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyekwisha kuamua kwamba mateso lazima yawe adhabu: asipoliona kosa, atalibuni, kwa sababu bila kosa hilo imani yake yeye ndiyo inayotikisika.

Mwishoni Mungu anamgeukia Elifazi na kumwambia, “Hasira zangu zinawaka juu yako, na juu ya hao rafiki zako wawili, kwa kuwa ninyi hamkunena yaliyo sawa katika habari zangu, kama alivyonena mtumishi wangu Ayubu.” Kisha anaagiza sadaka, na hapa nakuomba usome polepole. Sadaka ile ilikuwa ng'ombe 7 na kondoo waume 7, na waliotakiwa kuitoa ni wale waliomtuhumu. Ayubu hakuombwa hata mbuzi mmoja. Kazi yake ilikuwa kuwaombea. Nimeumia niliposoma kwamba ulikopa ili kununua ukombozi wa laana ambayo hakuna aliyekuthibitishia. Usitoe nyingine. Maliza deni la kikoba, uwalishe watoto, na mtu akija tena na madai hayo mwambie umesoma Ayubu sura ya 42 mstari wa 7 na wa 8.

Bwana Yesu naye aliulizwa jambo hili. Katika Luka sura ya 13 anautaja msiba ambao watu wote wa Yerusalemu waliujua: mnara wa Siloamu ulianguka ukaua watu 18. Aliuliza kama walidhani hao walikuwa wakosaji kuliko watu wote waliokaa mjini, akajibu mwenyewe, “Nawaambia, Sivyo.” Sisi wa Kanda ya Ziwa tuna minara yetu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara, kikiwa kimejaza watu kupita uwezo wake, na zaidi ya watu 200 walikufa, wakiwamo waliokuwa wakirudi kutoka gulioni. Ni nani angesimama Ukara na kusema kwamba wale waliopanda kivuko siku ile walikuwa na dhambi kuliko waliokikosa? Kuuliza kivuko kilibeba watu wangapi ni wajibu, na kuuliza kwa nini wavuvi wetu wanaingia ziwani bila makoti ya kuokolea ni wajibu pia, maana maswali hayo huokoa watakaosafiri kesho. Swali la marehemu alikosa nini ni jingine kabisa, na Bwana amelifunga.

Hapo ndipo ninapofika kwa mama mkwe wako, na ninaandika kwa uzito wote nilio nao. Mtumishi aliyesema habari ya laana na ndugu wanaosema habari ya ramli wanaonekana kama watu wa pande mbili, lakini swali lao ni moja: ni nani amesababisha? Mmoja anakuonyesha wewe, wengine wanamwonyesha bibi. Katika mikoa yetu hii swali hilo limemwaga damu. Wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, baadhi yao kwa sababu tu ya macho mekundu, macho ambayo yeyote aliyepika miaka mingi kwenye moshi wa kuni na kinyesi cha ng'ombe anaweza kuwa nayo. Mganga akipiga ramli hatakuletea ukweli. Atataja jina, na jina likishatajwa mbele ya vijana wenye uchungu hutaweza tena kulirudisha. Kumbukumbu la Torati sura ya 18 inakataza jambo hilo moja kwa moja, na serikali nayo inaipiga marufuku ramli chonganishi. Kama yupo anayemtishia mama huyo, usingoje: mwambie mwenyekiti wa mtaa, na uende kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Kumlinda ni sehemu ya imani unayoniuliza namna ya kuishika.

Soma pia Kitabu cha Ruthu, maana kinaweza kusomwa na ninyi wawili kwa jioni moja. Katika nyumba ya Naomi walikufa wanaume watatu, Elimeleki mumewe na wanawe wawili, Maloni na Kilioni, wote katika nchi ya ugeni. Nyumba yenye vifo vitatu na wajane watatu, kwa hesabu za watu wetu, lazima ingekuwa na mchawi ndani yake. Ama mama mkwe amewala wanawe, ama wakwe wameleta mikosi. Hakuna hata mmoja kati yao anayemtazama mwenzake hivyo. Naomi anapeleka lawama yake yote kwa Mungu, waziwazi, mbele ya wanawake wa Bethlehemu: “Mimi nalitoka hali nimejaa, naye BWANA amenirudisha sina kitu.” Na Ruthu, ambaye naye amefiwa na mume, anabaki ubavuni pake. Mama huyo unayeishi naye amezika mtoto. Sijui kama kuna mtu yeyote aliyempa pole bila kumkodolea macho.

Naomi huyo ananisaidia kukujibu kuhusu malalamiko yako. Unaogopa kwamba unakufuru. Ayubu aliilaani siku aliyozaliwa. Yeremia, katika sura ya 20, alimwambia Mungu kwamba amemhadaa. Zaburi ya 88 inaanza kwa kilio na kuishia gizani, bila mstari hata mmoja wa shukrani mwishoni, na bado Waisraeli waliiweka katika kitabu chao cha sifa ili iimbwe hekaluni. Bwana Yesu msalabani hakujitungia maneno mapya, alichukua mstari wa kwanza wa Zaburi ya 22, “Mungu wangu, Mungu wangu, mbona umeniacha?”, akaupaza kwa sauti kuu. Hawa wote walikuwa bado wanasema na Mungu. Mtu aliyeacha kuamini hana wa kumlalamikia, na malalamiko yako, hata yakiwa makali, yanakwenda kwa yule yule uliyekuwa ukimshukuru. Angalia jambo hili katika Ayubu: rafiki zake walisema mengi mazuri juu ya Mungu, lakini hawakumwelekea Mungu kwa neno hata moja. Ayubu ndiye aliyekuwa akikatisha mazungumzo yao ili aseme naye. Na ni yeye aliyeambiwa amenena yaliyo sawa.

Kwa hiyo usingoje mpaka upate maneno ya shukrani ndipo upige magoti. Kama huna maneno yako, soma Zaburi hiyo ya 88 kwa sauti, na kama unalia ukiwa kwenye chanja, huko nako ni kuomba.

Limebaki lile ambalo nahisi ndilo linalokuuma kuliko yote, ingawa umelitaja kwa sentensi moja tu: wenzake wawili waliokolewa. Najua wapo watakaokusomea Marko sura ya 4, jinsi wanafunzi walivyomwamsha Bwana katikati ya dhoruba wakisema, “Mwalimu, si kitu kwako kuwa tunaangamia?”, naye akaukemea upepo. Ni kweli, nami naliamini neno hilo. Lakini usiku ule ziwa lenu halikutulia, na lazima tuisome Biblia yote. Yakobo mwana wa Zebedayo alikuwa katika chombo kile. Alikuwa mvuvi wa Galilaya, na Luka anasema yeye na ndugu yake walikuwa washirika wa Simoni Petro katika uvuvi. Walivuta nyavu pamoja, wakaziacha pamoja. Miaka baadaye, katika Matendo sura ya 12, Mfalme Herode alimkamata Yakobo akamwua kwa upanga, kisha akamkamata Petro, na malaika akamtoa Petro gerezani usiku. Walikuwa wavuvi wawili wa ushirika mmoja, Bwana wao mmoja, mmoja akazikwa na mwingine akagonga mlango wa rafiki zake akiwa hai. Luka hatoi sababu. Hasemi Yakobo alikuwa na imani haba, wala hasemi kanisa lilimwombea Petro vizuri zaidi. Anaandika kifo cha Yakobo kwa mstari mmoja, na kanisa linaendelea kumwamini Mungu yule yule. Mumeo na wenzake wawili wamo katika sura hiyo.

Mtu anaendeleaje kumwamini, basi? Ayubu hakupata maelezo. Yale yaliyozungumzwa mbinguni katika sura mbili za kwanza, sisi tunayajua. Yeye hakuambiwa hata siku ya mwisho. Mungu aliposema naye kutoka katika upepo wa kisulisuli, alimwonyesha misingi ya nchi, bahari na milango yake, mbuzi-mwitu wa milimani wanaozaa pasipo mtu kuwaona, wala hakugusa habari ya wale watoto 10. Lakini alikuja, baada ya sura nyingi za ukimya, na Ayubu akasema, “Nilikuwa nimesikia habari zako kwa kusikia kwa masikio, bali sasa jicho langu linakuona.” Hicho ndicho alichopewa kabla hajarudishiwa hata punda mmoja.

Na kuhusu kurudishiwa, nakuonya usiwasikilize wanaokuahidi maradufu. Mifugo ya Ayubu iliongezwa mara mbili, kondoo 7,000 wakawa 14,000 na ngamia 3,000 wakawa 6,000, lakini watoto waliozaliwa baadaye walikuwa tena wana 7 na binti 3. Mtoto hafidiwi. Mume hafidiwi. Wakristo tunaamini kwamba wale wa kwanza hawajapotea kwa Mungu, kwa hiyo tunangoja ufufuo, na imani ya mfiwa ni kungoja huko, siku nyingine kwa nguvu, siku nyingine kwa kuburuzwa tu. Siku ambazo huwezi kabisa, waache wengine waimbe kanisani nawe ukae tu kwenye benchi. Hilo linatosha, na Mungu halihesabu kuwa dogo.

SWALI

Mimi ni mzee wa kanisa huko Kayenze. Tunazika wavuvi mara kwa mara, na kila tukienda kwenye msiba ninaona tunarudia maneno yale yale: “ni mapenzi ya Mungu”, “Mungu alimpenda zaidi”. Naona wafiwa wanaitikia lakini hawafarijiki. Tuseme nini?

Mzee wa kanisa, Kayenze

JIBU

Mzee, shikamoo. Semeni kidogo. Rafiki za Ayubu walifanya vizuri kwa siku 7 tu, zile ambazo walikaa naye chini bila kusema neno, kwa kuwa waliona mashaka yake ni makuu mno. Walianza kuharibu walipofungua vinywa. “Pole” yatosha, na zaburi isomwe bila kufafanuliwa. Hayo ya kwamba Mungu alimpenda zaidi yaacheni kabisa, kwa sababu Maandiko hayasemi hivyo na mtoto wa marehemu anayasikia.

Zaidi ya hapo, someni Ayubu 42 mstari wa 11. Ndugu zake na watu waliomjua walikuja, wakala chakula nyumbani mwake, wakamfariji, na kila mmoja akampa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Rambirambi ile ilikuja baada ya muda mrefu, wakati ambapo kwetu turubai limekwisha kung'olewa na jamaa wameondoka. Pangeni watu wa kwenda baada ya arobaini, na waende wakiwa na kazi ya kufanya. Mjane wa mvuvi mara nyingi anadai mgao wa usiku ambao mumewe alivua kabla ya kufa, na hana nguvu ya kumfuata tajiri, yaani mwenye mtumbwi, peke yake. Waraka wa Yakobo unasema dini iliyo safi ni kwenda kuwatazama yatima na wajane katika dhiki yao. Wazee wawili waandamane naye mpaka kwa tajiri, wakae chini, hesabu za siku zile zisomwe mbele yao, na fedha ikabidhiwe mkononi mwake.